Salamu ya Bibi Taa

Wewe uliyelifungua daftari hili, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, nakuomba kwa heshima ya mama yako: unachokisoma kibaki kwako. Usikisimulie sokoni, usimnong'oneze mtu kanisani, usipige picha ukurasa ukautuma kwenye kundi. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Njombe, sijathibitishwa kazini, na niliyoandika humu ni mambo ya wivu. Mwizi watu humsamehe. Mwenye wivu humcheka. Zaidi ya wote asijue Danford, na baada ya Danford asijue Jasmine.

3 Mei

Mvua zimekatika na baridi imeanza kushuka. Mama Fidelia, mkuu wetu wa masijala, ameniangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani akasema, "Binti, karani asiye na koti Njombe ni mgonjwa anayesubiri siku yake tu." Nimenunua koti la mtumba. Lina mfuko wa ndani, ndimo daftari hili linapokaa.

6 Mei

Majalada. Ukungu.

9 Mei

Leo nina furaha na nitaandika mengi.

Danford amenitumia ujumbe kutoka Makambako: "Elina, ile gemu ya ukungu naitoa katuni. Kitabu kabisa, kwa matoleo. La kwanza liko kwa mchapaji."

Danford anachora mabango ya maduka na maua nyuma ya malori. Tulikulia pamoja katika kibanda cha gemu cha baba yangu mdogo, Gideoni, nyuma ya stendi ya Makambako. Kibanda kilikuwa na mashine moja, runinga ya chogo moja, na CD chache zilizokwaruzika. Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya kijana anayepanda mlima wenye ukungu kumtafuta mdogo wake. Maandishi yake yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Hakuna aliyejua ni lugha gani. Mimi nilikaa mlangoni juu ya kreti ya soda nikipokea hela za wachezaji, na kwa kuwa nilisifika kwa kusoma, watoto waliniuliza, "Dada Elina, huyo anasema nini?"

Nikawaambia. Sikuwa najua, nilitunga. Ndivyo walivyopata majina: Wa Skafu, ambaye hatukuwahi kumwona uso kwa sababu gemu ilimwonyesha mgongo tu. Mkata Mbao, jitu la msumeno. Na Bibi Taa, anayetoka ndani ya ukungu karibu na kilele, ameshika taa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyezungumza kwenye runinga ile isipokuwa kwa kinywa changu.

Nimemjibu Danford: "Nije lini tuandike maneno?"

Hajajibu mpaka nazima taa.

10 Mei

Amejibu. "Maneno anaandika Jasmine. Utampenda."

11 Mei

Simpendi.

17 Mei

Toleo la kwanza limefika kwa mkono wa kondakta. Nimelisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimejifunika blanketi.

Niseme ukweli kwanza, kwa kuwa humu hakuna anayenilazimisha kudanganya: amechora vizuri. Ukungu wake ni ukungu wenyewe, ule wa asubuhi unaoficha mashamba ya chai na kuacha ncha za miti. Nyumba za mlimani amezipa mabati na ua wa mianzi kama za kwetu. Kwenye gemu mtu huupanda mlima ule kwa dakika nyingi, anaanguka na kurudia. Danford ameumaliza kwa michoro minne, na miguu inamuuma msomaji.

Lakini Wa Skafu amepewa uso. Najua ilibidi, kitabu hakiwezi kuonyesha mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila mtoto wa kibanda alikuwa amempa uso wake mwenyewe, nami nilimpa wangu. Sasa ana uso mmoja tu, wenye mwanya katikati ya meno na kishimo shavuni. Nimegeuza jalada la nyuma. Pana picha ya Danford na huyo Jasmine wamesimama kando ya reli. Jasmine anacheka. Ana mwanya katikati ya meno na kishimo shavuni.

Mkata Mbao ameitwa jina refu la kigeni na anatokea kuzimu. Kwetu hakutoka kuzimu. Alitoka Matembwe, huku huku kwetu, alidhulumiwa mbao zake, akakasirika. Watoto walipompiga walimwomba radhi.

Mchoro wa mwisho ni kivuli cha mwanamke mzee na taa. Chini yake maneno ya Jasmine: "Naye, mla watoto, akaisikia harufu yao."

Bibi Taa. Mla watoto!

Kwenye ukurasa wa shukrani wameandika: "Na vijana wote wa kibanda cha Gideoni." Kumbe mimi ni vijana wote.

18 Mei

Sikwenda kanisani. Nimesema ni mafua.

24 Mei

Wamekuja Njombe kuuza katuni kwenye maduka ya vifaa vya shule. Tumekutana stendi. Jasmine anafanya kazi katika duka la simu Makambako. Kwao ni Mbeya mjini. Ni mfupi kuliko picha yake na ana sauti ya kubembeleza, kitu ambacho sikukitegemea na hakijanisaidia.

"Kamwene, dada Elina!" akanisalimia, akiivuta Kibena kama mtu anayevuta ng'ombe asiye wake.

"Kamwene."

"Danford kila siku Elina hivi, Elina vile. Nikasema leo lazima nimwone."

Danford akatazama pembeni. Nikamwuliza Jasmine kuhusu Mkata Mbao. Akafurahi kuulizwa. Akaniambia kuwa gemu ile ina jina lake (silitaji humu), ina mtunzi wake, na kisa chake kimeelezwa chote mtandaoni. Yeye amekisoma mwanzo hadi mwisho.

"Mashabiki wa gemu hawana msamaha, dada. Ukimgusa mhusika wao kidogo tu, wanakurarua."

"Mashabiki wa wapi?"

"Dunia nzima."

"Na wa Makambako?"

Danford akacheka mpaka akakohoa. "Elina na maswali yake. Hujabadilika, ofisi haijakuweza."

Alikuwa amenunua hindi la kuchoma. Akalivunja. Tangu utotoni Danford akivunja hindi, kipande kikubwa ni changu, wala hakuna aliyewahi kuipitisha sheria hiyo. Leo kikubwa amempa Jasmine. Hakufikiri hata kidogo. Ndicho kilichoniuma, kwamba hakufikiri.

2 Juni

Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, imeunguza viazi vya mama mwenye nyumba. Vilikuwa kijani jana, leo vyeusi. Nimemsaidia kutazama.

7 Juni

Nimesoma toleo la kwanza tena, kutafuta makosa. Nimepata moja, herufi imerukwa. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

14 Juni

Danford amepiga simu. Nilitoka nje kuipokea, meno yanagongana.

"Elina, nisaidie. Toleo la tatu ndipo Bibi Taa anapigwa panga. Jasmine anasema gemu ndivyo ilivyo, Wa Skafu asipomuua hapiti. Lakini mimi nikikaa kuchora mkono unakataa. Sikumbuki tukimuua. Tulikuwa tunapitaje pale?"

Nieleze hapa nilichokijua wakati ananiuliza.

Kwetu mtoto hamsalimii mkubwa huku ameshika kitu. Akibeba ndoo ataitua, akiwa na jembe ataliweka, kisha atainama. Bibi Taa alipotoka kwenye ukungu mara ya kwanza, mtoto aliyekuwa anacheza aliona bibi kizee anamjia, akaiweka padi, kile kidude cha kuchezea, chini na kuinama. Hakuna aliyemcheka. Wote pale kibandani tungefanya vilevile. Na Bibi Taa akainama naye, akaiacha taa yake njiani, akapita. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya kibanda. Sisi hatukujua kwamba kuna watu wanampiga.

Hayo yote yalikuwa mdomoni mwangu. Kisha nikasikia nyuma ya Danford ile sauti ya kubembeleza ikiuliza, "Amesema nini?"

Nikajibu, "Sikumbuki."

"Wewe? Wewe hukumbuki?"

"Ni zamani, Danford. Nina kazi."

Waache wachore. Wachapishe, halafu watoto wote wa kibanda, ambao sasa ni madereva na mafundi na baba za watu, wafungue ukurasa ule wamwone bibi yao amelala kwenye damu. Wamzomee Jasmine hadharani. Ndiyo, nimeliandika. Nataka azomewe.

15 Juni

Mchungaji amehubiri juu ya wale ndugu waliomuuza mdogo wao. Nilikuwa natazama viatu.

19 Juni

Baridi imeingia kwenye mifupa. Nimeanza kuogopa jambo jingine: je, kama kweli nilitunga? Nilitunga majina, nilitunga maneno yote. Labda kule kuinama kwa Bibi Taa nako nilikutunga, na wote tukaona nilichosema.

24 Juni

Siku mbaya. Niandike polepole.

Toleo la pili lilifika asubuhi. Nilikuwa nalisoma mezani, nimelificha ndani ya jalada, mhudumu akaja akabeba rundo zima akalipeleka kwa Mama Fidelia. Nilibaki nimeketi kama niliyemwagiwa maji. Nilijiona nimeandikiwa onyo. Nilijiona nimerudishwa Makambako na sanduku langu.

Akaniita baada ya chai. Katuni ilikuwa mezani kwake, imefunguliwa.

"Elina."

"Abee, mama."

"Hii ni kumbukumbu ya serikali?"

"Hapana, mama. Nisamehe, mama."

"Kaa." Akavaa miwani. "Huyu bibi. Nimesoma mpaka mwisho nione kosa lake. Bibi wa watu yuko nje kwenye ukungu ameshika taa. Mtu wa hivyo anatafuta mjukuu aliyechelewa kurudi. Nani kasema anakula watoto?"

"Ni hadithi tu, mama."

"Hadithi tu." Akavua miwani. "Marehemu mama yangu alikuwa na macho mekundu. Alipika kwa kuni maisha yake yote, yasingekuwaje mekundu? Kuna mwaka vijana walikuja usiku kwetu kwa sababu ya macho yale. Kaka zangu walikuwepo, tukapona. Na vijana wale nao hakuna aliyewafundisha darasani, Elina. Walisikia hadithi tu."

Akanirudishia katuni kwa mikono miwili, kama kitu cha thamani, na hilo liliniumiza kuliko onyo.

"Waambie wenzio. Na usiisome tena kwenye saa za kazi."

Jioni nimempigia Danford.

"Bibi Taa hauawi. Anasalimiwa. Mnaweka padi chini."

Naye: "Ulisema hukumbuki."

"Nimekumbuka."

"Elina, toleo linaingia mtamboni Jumatatu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenijua tangu nina meno ya utoto. "Jasmine hatakubali kwa maneno. Njoo Jumamosi. Baba Gideoni bado anayo ile mashine."

27 Juni

Sijala.

28 Juni

Makambako kulikuwa na upepo wa vumbi. Baba Gideoni siku hizi anachaji simu za watu na kuziba pancha za baiskeli, lakini mashine alikuwa nayo, chini ya gunia la mahindi. Runinga ya chogo ilichukua muda kuamka. Akaipulizia CD, akaifuta kwa shati, akachomeka memori kadi ya zamani ambamo mtu fulani aliuacha mchezo wake chini kidogo ya kilele.

Jasmine akashika padi. Anacheza kama mama anayekata mboga, vidole havionekani. Hata miye niliyekuja na roho mbaya nilimtazama. Alifika mapema. Kengele inayomtangulia Bibi Taa ikalia, ule mlio wake mwembamba, na nyuzi zote mwilini mwangu zikaitika. Bibi Taa akatoka kwenye ukungu.

"Weka chini," nikasema.

Akaiweka padi sakafuni.

Bibi Taa akasogea. Akainua taa. Akampiga nayo Wa Skafu kichwani, skrini ikawa nyekundu.

Danford akakohoa. Jasmine akanigeukia, na hakuwa ananicheka. Afadhali angenicheka.

"Labda ulikuwa unatunga, dada Elina. Danford ameniambia ulivyokuwa unatunga. Ulitunga vizuri kweli."

Ilikuwa kama nimesimama mbele ya watu wote wa kibanda kile, wakubwa na wadogo, nikiwa mwongo wao. Ndipo Baba Gideoni, ameinamia pancha yake mlangoni, akasema bila kugeuka:

"Ameshika panga."

"Nani, baba?"

"Huyo mtoto wenu. Padi ameweka, panga hajaweka. Bibi yako akutokee gizani, wewe umemshikia panga tu, asikupige? Mimi ningekutandika."

Tulicheka mpaka wateja wa simu wakachungulia. Ilikuwa hivyo kweli! Watoto walikuwa wakirudisha kwanza panga alani, kisha wanaweka padi. Mikono mitupu ndani na mikono mitupu nje. Nilikuwa nimesahau nusu ya adabu.

Jasmine akaninyooshea padi. "Cheza wewe."

"Sijawahi."

"Acha utani," Danford akasema. "Miaka yote ile?"

"Nilikuwa mlangoni, Danford. Napokea hela."

Akanitazama kama mtu anayeona dirisha jipya kwenye nyumba aliyokulia. Hakuwa amewahi kuligundua.

Jasmine akanionyesha: hiki atembee, hiki arudishe panga. Nilimgonga Wa Skafu kwenye kila jiwe la mlima ule. Kengele ikalia. Nikarudisha panga. Nikaweka padi sakafuni, na kabla sijafikiri magoti yalikuwa yamekunjika.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene," akaitika Baba Gideoni kutoka mlangoni, maana zamani ndiye aliyekuwa akiitika kwa niaba ya Bibi Taa, na hilo pia nilikuwa nimelisahau.

Ukungu ukapita kwenye runinga. Bibi Taa akasimama. Akasimama muda mrefu, mpaka nikajua nimeumbuka tena. Kisha akainama. Akaiweka taa njiani, akapita kando yetu, akaenda zake.

Nikasikia mtu anavuta makamasi. Ni Jasmine.

"Mimi nilicheza peke yangu," akasema. "Chumbani, Mbeya. Nilimuua kila mara. Hakuna aliyeniambia nimsalimie." Akajifuta kwa kiganja. "Nyinyi mlikuwa wengi."

Alilisema neno "wengi" kama mtu mwenye njaa anavyotaja sahani ya mwenzake. Sauti ile naijua. Ndiyo niliyonayo mimi tangu mwezi wa tano.

Nikageuka nimwone Danford ameonaje. Danford hakuwa anatazama runinga. Alikuwa anamtazama Jasmine, jinsi anavyolia.

29 Juni

Nilishinda. Mbona nimeamka hivi.

5 Julai

Toleo la tatu limeahirishwa, na Jasmine ananiandikia kila siku. Anataka sauti ya Bibi Taa. Nimemjibu kwamba Bibi Taa hasemi neno, mtu wa mlangoni ndiye aliyekuwa akiitika kwa niaba yake. Akajibu: "Basi tutachora mlango." Ningependa awe mjinga. Ingenisaidia sana.

12 Julai

Wamenitumia ukurasa wa salamu. Jasmine alikuwa amehofia kwamba hakuna atakayenunua mchoro wa mtu asiyefanya kitu. Danford amegawa ukurasa vyumba vidogo vidogo: panga linaingia alani, vidole vinafunguka, viganja vitupu, ukungu, ukungu, taa chini. Pembeni, nyuma ya Wa Skafu, ameweka mlango, na mlangoni msichana juu ya kreti. Amechorwa kwa mgongo. Hana uso.

Nimeutazama ukurasa huo mpaka mkaa ukazimika jikoni.

15 Julai

Wameuliza waandike jina langu kwenye jalada. Nimewaza kuthibitishwa kazini, nimewaza Mama Fidelia. Nimesema nitafikiri.

19 Julai

Danford amemwomba Baba Gideoni awe mshenga wake. Watakwenda Mbeya kwa kina Jasmine baada ya mavuno. Amenitaka niwemo katika msafara. "Wewe ndiye dada yangu," amesema.

20 Julai

Dada yake.

21 Julai

Leo nimeandika majalada yote kwa mwandiko mzuri sana.

26 Julai

Nimemwonyesha Mama Fidelia ukurasa wa salamu, baada ya saa za kazi. Aliutazama, kidole chake kwenye taa. Kisha akauliza, "Huyu binti wa kwenye kreti ni nani?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Sasa mbona hawajaandika?"

Nimewatumia ujumbe: andikeni.

2 Agosti

Toleo la tatu limetoka. Jina langu liko chini ya la Jasmine, herufi ni za ukubwa uleule. Nimepima kwa rula. Mbeya nitakwenda. Nitavaa vizuri na nitapiga vigelegele, na kama kimoja kitakatikia njiani watadhani ni vumbi. Wivu haujaisha. Asubuhi bado ninao, kama sakitu. Lakini sakitu huunguza majani, na mama mwenye nyumba ameniambia viazi vilivyoko chini vimepona.

Sasa wewe uliyefika hapa. Ikiwa daftari hili limenidondoka na wewe ndiye uliyeliokota, nirudishie, ila usilete ofisini na usinipigie simu mchana. Panda gari la Makambako siku ya Jumamosi. Ukishuka stendi, zunguka nyuma, uliza pancha kwa Gideoni. Runinga utaisikia kabla hujaiona, maana Baba Gideoni amerudisha gemu, na watoto wameanza kujaa. Mimi nitakuwa mlangoni juu ya kreti, au siku nyingine ndani, nimeshika padi. Usianze kunieleza ulichosoma. Liweke daftari chini kwanza. Kisha nisalimie.